Mota Iliyofunguliwa Bila Kosa: Uchambuzi wa Kisa cha Uvujaji wa Spektra

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha kusukuma maji chenye mota mbili za induksheni zinazofanana, kila moja ikiendesha pampu yake. Jina la kituo, mahali kilipo na namba za mashine vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vimekaribishwa kwenye namba iliyo jirani, lakini mfuatano wa mambo na uhusiano wa namba kwa namba umeachwa kama ulivyokuwa. Nilikuwa mmoja wa mafundi watatu waliokabidhiwa kazi ya kuzichunguza mota hizo kwa njia ya mkondo wake wa umeme, na jaribio la karakana litakaloelezwa hapa chini nililifanya kwa mikono yangu.

Mota hizo zina nguzo 4 na zinalishwa na umeme wa hezi 50. Zikiwa na mzigo wake wa kawaida huvuta takribani ampea 200 na kuzunguka mara 1,485 kwa dakika. Uga wa sumaku ndani ya stata, sehemu ya mota isiyozunguka, huzunguka mara 1,500 kwa dakika, kwa hiyo rota, sehemu inayozunguka, hubaki nyuma kwa mizunguko 15, sawa na asilimia 1, na kubaki nyuma huko ndiko kunakoitwa mtelezo. Rota ya mota ya aina hii imejengwa kwa fito za shaba au alumini zilizofungwa pamoja kwa pete katika kila ncha. Ufito mmoja ukipasuka, mkondo wa rota haugawanyiki tena sawasawa, na athari yake hurudi kwenye mkondo wa stata ikiwa na sura ya vilele viwili vidogo kwenye spektra, yaani mchoro unaoonyesha kiasi cha kila masafa ndani ya mkondo, kimoja kila upande wa masafa ya gridi, zile hezi 50. Umbali wa kila kilele kutoka katikati ni mara mbili ya mtelezo ikizidishwa na masafa ya gridi. Kwa mota zetu hesabu hiyo inatoa hezi 1, hivyo vilele vya ubavuni tulivitarajia karibu na hezi 49 na hezi 51.

Urefu wa vilele hivyo hupimwa kwa desibeli, kipimo cha uwiano, dhidi ya kilele kikuu, kile cha masafa ya gridi yenyewe. Kwa kanuni ya vitendo inayofuatwa na wengi katika fani hii, kilele cha ubavuni kikiwa chini ya takribani desibeli -54 rota huhesabiwa kuwa nzima, kikifika karibu na -45 kuna shaka, na kikipanda juu ya -40 uharibifu unatarajiwa. Ni vema kuzitazama namba hizi kwa makini kabla ya kuendelea, kwa sababu -45 maana yake ni wimbi dogo kuliko lile kuu kwa takribani mara 178. Tulikuwa tunatafuta kitu kidogo sana kilichosimama hezi 1 tu kutoka kwenye kitu kikubwa sana, na ugumu wote wa kisa hiki umo katika sentensi hiyo.

Kifaa chetu kilichukua sampuli 1,024 kwa sekunde kupitia klampu ya kupimia mkondo iliyofungwa kwenye waya mmoja wa mota. Programu ilikata rekodi ya sampuli 8,192, yaani sekunde 8 kamili, ikaipitisha kwenye mgeuzo wa haraka wa Fourier, hesabu inayoitenganisha ishara katika masafa yake, na kupata spektra yenye mistari iliyoachana kwa hezi 0.125. Kisha ilichukua mstari mrefu kuliko yote kuwa kilele kikuu, ikatafuta mstari mrefu zaidi karibu na mahali palipotarajiwa vilele vya ubavuni, na kuchapisha uwiano wao pamoja na neno moja la hukumu: salama, shaka, au mbovu. Haikuonyesha mchoro wowote. Wala haikutumia dirisha lolote kwenye rekodi, yaani umbo ambalo rekodi huzidishwa nalo ili kufifisha ncha zake, kabla ya mgeuzo.

Mfuatano wa matukio

Kabla ya kifaa kupelekwa kituoni, nilikijaribu karakanani kwa jenereta ya ishara. Niliiweka kwenye hezi 50 kamili, nikaongeza mawimbi mawili madogo kwenye hezi 49 na 51 kwa kiwango cha desibeli -50, kisha nikaendesha programu. Matokeo yalikuwa safi kupita matarajio yangu: mistari mitatu imesimama peke yake, katikati yake hamna kitu, na uwiano uliosomwa ulikuwa -50. Mwenzetu mmoja aliuliza kama tusitumie dirisha la Hann, kwa kuwa alikumbuka kulisoma mahali. Nilimjibu kwamba spektra hii haionyeshi tatizo ambalo dirisha lingekuja kulitatua, na kwamba dirisha lingenenepesha vilele bila faida. Kwa ushahidi uliokuwa mezani jibu hilo lilionekana la busara, na ndivyo ilivyoamuliwa.

Kipimo cha kwanza cha kituoni kwenye mota ya kwanza kilitoa desibeli -24 na hukumu ya «mbovu». Thamani hiyo, ikiaminiwa, ingeashiria rota iliyovunjika fito nyingi. Hata hivyo mota ilikuwa inafanya kazi kwa utulivu, beringi zake hazikuwa na joto la kupita kiasi, na hakukuwa na mtetemo wa kutia wasiwasi. Tulipima tena baada ya nusu saa tukapata -30, na jioni tukapata -40. Namba zote tatu zilikuwa upande ule ule wa ubovu, na uongozi wa kituo, kwa haki kabisa, haukutaka kubahatisha. Mota ilisimamishwa, ikafunguliwa, na rota ikakaguliwa ufito kwa ufito. Ilikuwa nzima. Pampu hiyo ilikuwa imekaa siku tatu bila kazi.

Uamuzi uliofuata ndio uliokuwa na madhara makubwa kuliko yote. Kwa kuwa programu ilipiga kelele bila sababu, ilikubaliwa kushusha ukali wake: kikomo cha hukumu ya «mbovu» kikahamishwa kutoka -40 hadi -20, na kile cha «shaka» kikafutwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kila kituo kina kelele zake za umeme na kwamba kikomo kinapaswa kulingana na mazingira. Hakuna aliyeuliza kelele hizo zinatoka wapi. Kwa miezi minne iliyofuata mota zote mbili zilipimwa kila mwezi na kuandikiwa «salama», huku namba za mota ya pili zikirukaruka: -26, -33, -25, -38. Mruko huo ulielezwa kuwa ni mabadiliko ya mzigo.

Aliyeiokoa mota ya pili alikuwa mwendeshaji wa zamu. Paneli ya mota hizo bado ina ampea mita za kizamani zenye mshale, na alitambua kwamba mshale wa mota ya pili hautulii. Ulikuwa unapumua, kama alivyosema mwenyewe, ukienda karibu 206 na kurudi karibu 194, takribani mara moja kwa kila sekunde, ilhali ule wa mota ya kwanza ulisimama tuli. Aliliandika jambo hilo kwenye daftari la zamu siku tatu mfululizo, akiweka saa na usomaji, hadi mmoja wetu alipolikuta. Mshale unaoyumba kwa mwendo huo ni dalili ya zamani ya ufito uliopasuka, kwa kuwa vilele viwili vya ubavuni vilivyo umbali wa hezi 1 kutoka kwenye wimbi kuu huonekana kwa macho kama mkondo unaopanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Mota ambayo programu ilikuwa ikiiita salama ilikuwa ikituonyesha ugonjwa wake hadharani.

Kufukua rekodi za zamani

Jambo moja tulilolifanya vizuri tangu mwanzo ni kuhifadhi sampuli ghafi za kila kipimo. Tulizirudia zote, na kwa mara ya kwanza tukachora spektra nzima badala ya kusoma namba moja. Katika rekodi ya kwanza kabisa ya mota ya kwanza hakukuwa na kilele chochote kwenye hezi 49 wala 51. Kulikuwa na kitu chenye umbo la kichuguu: ncha moja karibu na hezi 50, na kutoka hapo mteremko laini unaoshuka pande zote mbili, ukipita juu ya hezi 49 na 51 bila kujali kwamba hapo tunapatafuta kitu. Programu ilikuwa imeingia kwenye mteremko huo, ikapima urefu wake mahali palipotarajiwa kilele, na kuuita kilele.

Tukaona na jambo jingine lililokuwa mbele yetu muda wote. Kilele kikuu cha rekodi hiyo kilisomeka ampea 132, ilhali klampu mita ilionyesha 200 wakati ule ule, na namba zote mbili ziliandikwa kwenye fomu moja, mstari kwa mstari. Ampea 68 zilikuwa zimepotea kutoka kwenye kilele na hakuna aliyezitafuta.

Tulihesabu mawimbi ndani ya rekodi kwa kufuata mahali ishara inapovuka sifuri. Katika sekunde 8 hakukuwa na mawimbi 400 kamili bali takribani 399.52. Gridi ilikuwa kwenye hezi 49.94 saa ile. Rekodi ya pili ilichukuliwa kwenye 49.97, na ya tatu kwenye 50.01. Tulipozipanga zile namba tatu, -24, -30 na -40, dhidi ya umbali wa gridi kutoka kwenye hezi 50 kamili, zilijipanga zenyewe: kadiri idadi ya mawimbi ilivyokaribia namba nzima, ndivyo «ubovu» wa rota ulivyopungua.

Jaribio lililomaliza ubishi lilichukua dakika chache tu. Tulitengeneza kwenye kompyuta wimbi moja safi la hezi 49.94, lisilo na kelele wala vilele vya ubavuni, yaani wimbi ambalo halijawahi kupita kwenye mota yoyote, tukaliingiza kwenye programu. Ikajibu desibeli -24 na hukumu ya «mbovu».

Kwa nini spektra huvuja

Mgeuzo wa Fourier wa ishara dijitali hauoni ishara yote. Huona kipande tu, na hesabu yake hukichukulia kipande hicho kana kwamba kinajirudia milele, mwisho wake ukiunganishwa na mwanzo wake. Mfano ulio karibu na fundi ni mkanda wa mashine: ukikata kipande cha mkanda wenye meno na kuunganisha ncha zake, meno yatalingana kwenye kiungo ikiwa tu urefu wa kipande ni idadi kamili ya meno. Ukikata katikati ya jino, kila mzunguko utakuwa na mshtuko mmoja mahali pa kiungo. Rekodi ya mawimbi 399.52 imekatwa karibu katikati ya wimbi. Ikianzia kwenye kilele cha juu, inaishia karibu na shimo la chini, na kiungo chake ni mruko wa karibu mara mbili ya kimo cha wimbi. Mruko mkali kama huo hauwezi kujengwa kwa masafa moja. Unahitaji masafa mengi kwa pamoja, na masafa hayo ndiyo yanayojaza mteremko tuliouona. Nishati haijaongezeka wala kupungua. Imehama kutoka kwenye mstari wake na kumwagikia kwenye mistari ya jirani, kumwagika kunakoitwa uvujaji wa spektra, na ndiko zilikokwenda zile ampea 68.

Jambo hili linaweza kusemwa kwa namna nyingine iliyo ya manufaa zaidi. Kukata rekodi bila kuigusa ni sawa na kuizidisha kwa dirisha la mstatili, lenye thamani 1 ndani ya sekunde 8 na 0 nje yake. Kwa hiyo hakuna uchambuzi usiotumia dirisha. Kuna dirisha ulilolichagua na kuna dirisha ulilopewa bila kuulizwa. Kila wimbi kwenye spektra huvaa umbo la dirisha lake, na umbo la mstatili lina nundu kuu nyembamba iliyozungukwa na nundu za kando. Nundu ya kando ya kwanza iko desibeli 13 tu chini ya ile kuu, na zinazofuata hushuka kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa umbali wa mistari 8, ambao kwa rekodi yetu ndio hezi 1, nundu hizo bado zinaweza kuwa takribani desibeli 28 chini ya kimo halisi cha wimbi. Kitu cha -50 hakiwezi kuonekana chini ya kifuniko cha -28.

Kwa nini basi karakanani hapakuwa na uvujaji? Kwa sababu hezi 50 kwa sekunde 8 ni mawimbi 400 kamili, na hezi 49 na 51 ni mawimbi 392 na 408 kamili. Umbo la dirisha la mstatili lina masifuri kati ya nundu zake, na wimbi likiwa na idadi kamili ya mizunguko, kila mstari mwingine wa spektra huangukia juu ya sifuri. Nundu za kando zilikuwepo, ila tulikuwa tunazichungulia kwenye sehemu pekee zisikoonekana. Nilichagua, bila kukusudia, ishara tatu ambazo programu yenye kasoro hii isingeweza kukosea. Jaribio lililofaa lilikuwa kuipeleka jenereta kwenye 49.94, au bora zaidi kuitembeza polepole kutoka 49.9 hadi 50.1 huku tukiutazama mteremko ukipanda na kushuka.

Dirisha lililochaguliwa na yaliyoachwa

Dirisha la Hann, lililopewa jina kutokana na mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria, Julius von Hann, huanza na sifuri, hupanda taratibu hadi 1 katikati ya rekodi, na kushuka tena hadi sifuri. Ncha zote mbili za rekodi hufifishwa, hivyo kiungo hakina mruko tena. Nundu yake ya kando ya kwanza iko takribani desibeli 31 chini, na kinachotufaa zaidi ni kwamba zinazofuata huporomoka kwa desibeli 18 kila umbali unapoongezeka maradufu. Tulipolitumia kwenye ile rekodi mbaya kuliko zote, uvujaji kwenye hezi 49 ulishuka kutoka -24 hadi karibu -61.

Bei yake ni unene. Nundu kuu ya Hann ina upana wa mistari 4 kutoka sifuri hadi sifuri, mara mbili ya ile ya mstatili. Hofu yangu ya karakanani kwamba dirisha hunenepesha vilele ilikuwa ya kweli kabisa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba unene huo ndio hatari kubwa. Kwa vilele vilivyoachana kwa mistari 8, unene wa mistari 2 kila upande haukutuzuia chochote.

Mapendekezo mengine yalijadiliwa. La kwanza lilikuwa dirisha la Hamming, ambalo nundu yake ya kando ya kwanza iko chini zaidi, karibu -43, na kwa hiyo huonekana bora katika majedwali. Ila nundu zake za mbali hushuka kwa desibeli 6 tu kwa kila umbali maradufu. Kwa rekodi ile ile lingeacha uvujaji wa karibu -43 kwenye hezi 49, na kwa mota nzima tungesoma «shaka» kila gridi inapokaa vibaya. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakipotoka: wanachagua dirisha kwa namba ya nundu ya kwanza, ilhali swali lenyewe ni uvujaji uko wapi kwenye umbali ule hasa ambako wanatafuta kitu.

La pili lilikuwa kuongeza sifuri mwishoni mwa rekodi ili mistari ya spektra iwe mingi. Tulijaribu. Mteremko uleule ulichorwa kwa nukta nyingi zaidi, ukapendeza macho, na haukushuka hata kidogo. Sifuri zilizoongezwa hazina habari mpya kuhusu mota, wala haziondoi mruko; huuhamisha tu kutoka kwenye kiungo hadi mahali ishara inapokutana na sifuri. La tatu lilikuwa dirisha bapa, ambalo husoma kimo cha wimbi kwa usahihi mkubwa hata masafa yakiwa katikati ya mistari miwili. Ni chombo kizuri cha kuhakikisha usomaji wa ampea, lakini nundu yake ina upana wa takribani mistari 10 na ingemeza majirani wa karibu. La nne, la kulazimisha kasi ya sampuli ifuate gridi ili mawimbi yawe kamili daima, lilikuwa sahihi kinadharia, ila lilihitaji vifaa ambavyo hatukuwa navyo.

Tulichukua Hann, na pamoja nalo tukarefusha rekodi hadi sampuli 32,768, sawa na sekunde 32. Mistari sasa imeachana kwa hezi 0.03125, na hezi 1 ni mistari 32. Kwa umbali huo uvujaji wa Hann hushuka hadi karibu desibeli -100, chini ya kelele za kifaa chenyewe. Mabadiliko haya mawili yana kazi mbili tofauti: dirisha hushusha uvujaji wa mbali, na urefu wa rekodi ndio pekee unaoweza kutenganisha vilele vilivyobanana. Dirisha halirudishi utengano ambao muda haukuutoa.

Matokeo

Rekodi za zamani za mota ya kwanza, zilizochakatwa upya kwa Hann, zilitoa thamani kati ya -54 na -60, zikilingana na kile kilichokuwa kimeonekana ilipofunguliwa. Mota ya pili ilipimwa upya kwa sekunde 32. Safari hii mchoro ulionyesha vilele viwili vyembamba, vikiwa na bonde safi kati yake na kilele kikuu: cha kushoto -36, cha kulia -39.

Kwa kuwa tulikwisha kusimamisha mota moja bure, hatukutaka kutegemea mchoro mmoja. Mabadiliko ya mzigo yanayojirudia yanaweza nayo kuzaa vilele karibu na masafa ya gridi. Tulifunga vali ya pampu kiasi hadi mota ikaenda mizunguko 1,490 kwa dakika. Mtelezo ukashuka, na vilele vyote viwili vikasogea ndani hadi umbali wa takribani hezi 0.67, pale pale hesabu ilipovitaka, huku vikifupika kidogo. Uvujaji usingefanya hivyo, kwa sababu haujui mtelezo wa rota ni nini. Hujua tu rekodi imekatwa wapi. Mota ilifunguliwa, na fito mbili zilikutwa zimepasuka mahali zinapoungana na pete. Baada ya rota kubadilishwa, usomaji ulikuwa -57 na mshale wa ampea mita ukatulia.

Kulikuwa na sintofahamu moja fupi. Siku ya kwanza baada ya dirisha kuwekwa, kilele kikuu kilisomeka karibu ampea 100 badala ya 200, na ikasemwa kwamba dirisha linakula mkondo. Ni kweli kwa maana moja: wastani wa Hann ni 0.5, hivyo kimo cha kila wimbi hupungua kwa nusu na lazima kizidishwe kwa 2 kabla ya kuandikwa. Uwiano wa desibeli kati ya vilele hauguswi, kwa sababu vyote vimepunguzwa sawasawa. Anayejumlisha nguvu za mistari mingi ana sahihisho jingine la kufanya, kwa kuwa kila mstari wa Hann hupokea kelele za upana wa mistari 1.5.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kuhifadhi sampuli ghafi ndiko kulikotuwezesha kurudi nyuma. Kama tungehifadhi namba za mwisho tu, mota ya kwanza ingebaki fumbo, na uhusiano kati ya usomaji na masafa ya gridi usingeonekana kamwe. Daftari la mwendeshaji lilikuwa na thamani hiyo hiyo, na ninaamini lilistahili kusomwa siku ya kwanza na siyo ya tatu.

Kushusha ukali wa kikomo kulikuwa kosa zito kuliko kukosa dirisha. Kukosa dirisha kulitupotezea siku tatu za pampu moja. Kikomo cha -20 kilituficha ufito uliopasuka kwa miezi minne, na kama ungemeguka na kugusa stata tungeipoteza mota yote. Rota ilipokutwa nzima, tulikuwa tumepewa ushahidi kwamba kipimo kinasema uongo. Tuliutumia ushahidi huo kukifanya kinyamaze.

Kuhusu mchoro, nina msimamo ambao wenzangu hawaukubali wote. Programu inayotoa neno la hukumu pasipo spektra humnyima fundi nafasi ya kutofautisha kilele na mteremko, na tofauti hiyo huonekana kwa jicho katika sekunde moja. Wenzangu wanasema mwendeshaji wa zamu hana muda wa kusoma michoro. Mwendeshaji wetu wa zamu alisoma mshale siku tatu mfululizo. Kwa sasa fomu ya kipimo ina mchoro kuanzia hezi 47 hadi 53, masafa halisi ya gridi wakati wa kipimo, na usomaji wa klampu mita ukiwa kando ya kimo cha kilele kikuu. Tofauti ya zaidi ya asilimia 20 kati ya hivyo viwili hufanya hukumu isitolewe. Hata Hann, baada ya kusahihishwa, linaweza kusoma pungufu kwa desibeli 1.4, ambayo ni asilimia 15 hivi, wimbi likiangukia katikati ya mistari miwili, ndiyo maana mpaka haukuwekwa chini ya hapo.

Kituo kina mota ya tatu, ya feni, inayofanya kazi karibu bila mzigo. Mtelezo wake ni mdogo kiasi kwamba vilele vya ubavuni vingekaa hezi 0.1 tu kutoka katikati. Kwa rekodi ya sekunde 32 umbali huo ni mistari 3 na kidogo, ambako uvujaji wa Hann bado unaweza kufikia -40 na kitu, juu ya mpaka wetu wa shaka. Sekunde 128 zingetosha kwa hesabu ya dirisha, lakini gridi hutangatanga ndani ya muda huo na kilele kikuu chenyewe hutapakaa. Mota hiyo haipimwi kwa njia hii hadi itakapowezekana kuiongezea mzigo.